Jogoo Asiyeliwa

Jumatatu, 3 Machi

Damaris, mhariri wangu wa Nairobi, ameniambia niwe na daftari la kila siku. Anasema waandishi wakubwa huwa nalo. Nilimuuliza waandishi wadogo huwa na nini, akasema, "Visingizio, Mwalimu." Basi nimelinunua hili pale Macalder, lina picha ya twiga juu, na leo naanza.

Jina langu Cephas. Umri hamsini na tatu. Kazi, kufundisha Kiswahili katika shule ya kutwa hapa Nyatike, watoto wanaoota kwa Kidholuo, wanaotukanana kwa Sheng na kuniandikia insha kwa lugha ambayo bado haijapewa jina. Kazi ya pili, kuandika riwaya za vijana kuhusu mji ambao watu wake hawafi. Vitabu viwili vimetoka. Cha tatu, ambacho ndicho cha mwisho, nilimpelekea Damaris Ijumaa, kikiwa kimechelewa miezi minane tu.

Kwa hiyo naanza shajara ya kuandika kitabu ambacho nimekwisha kukimaliza. Anayetaka kunijua anaweza kuishia hapo.

Alhamisi, 6 Machi

Mawingu upande wa ziwa. Yametutazama, yakaenda zao.

Jumamosi, 8 Machi

Bravin amemaliza kulima mashamba yote, lake na letu, kwa ng'ombe wale wawili. Bravin ni ndugu yangu wa baba mmoja, ana miaka thelathini na miwili, mtoto wa Mama Phelesia. Mama yangu alifariki zamani, kwa hiyo Mama Phelesia ndiye mke pekee aliyebaki. Sote tunakaa ndani ya boma la Baba: yeye na Mama Phelesia nyumba ya juu, mimi na mke wangu Pamela kulia mwa lango, Bravin na mkewe kushoto.

"Mwalimu, bati lako linavuja tena," Bravin ameniambia akifungua nira.

"Halivuji, linapumua."

"Mtu wa hamsini na tatu bado anakaa kwa kibanda cha kijana! Unangoja nywele zote ziwe nyeupe ndio uhame?"

Nikamwambia nywele hazina haraka, zinatoka zenyewe. Tukacheka. Alicheka kidogo kuliko mimi.

Sasa shamba liko tayari na hakuna mtu atakayetia hata punje moja, mpaka Baba apande kwanza. Ndivyo tulivyo. Wajaluo wengine wameiacha mila hii, sisi hatujaiacha. Usiku wa kuamkia siku ya kupanda Baba hulala na Mama Phelesia, na boma zima hujifanya halina habari; alfajiri hutoka na jembe na mbegu, akachimba mistari michache, na baada yake mimi, na baada yangu Bravin. Anayemtangulia baba yake amemzika akiwa hai.

Baba ana miaka tisini na mmoja. Kila mwaka hutembea kwenda shambani polepole zaidi, na sisi tuko nyuma yake na majembe begani, kama magari nyuma ya trekta.

Jumanne, 11 Machi

Jogoo wa Baba ameingia darasani kwangu, yaani kwenye kile kijimeza ninachoandikia, akanya juu ya mtihani wa Kidato cha Pili. Alikunya penye swali la methali. Sikumlaumu.

Jogoo huyu haliwi. Kila anapozeeka mmoja, Baba huchagua mwingine, mweupe vilevile, na huyo hawi wa mgeni wala wa sikukuu. Askofu alikuja hapa, akachinjiwa mtetea, jogoo amesimama mlangoni kama askari wa zamu. Nimeuliza miaka yote. Jibu ni lile lile: "Huyo ana kazi yake." Nilicheka sana nilipompachika kwenye kitabu cha pili.

Trizah, binti yangu, humsomea babu yake kila alasiri akitoka shule, kwa kuwa macho ya Baba yameingia ukungu. Nilikuwa nadhani ni Biblia. Leo nimegundua ni vitabu vyangu. Amemaliza cha kwanza, yumo ndani ya cha pili. Nilivimba kichwa nusu saa nzima. Baba hajawahi kuniuliza hata siku moja ninaandika nini. Kiswahili chake alikiokota mgodini Macalder akiwa kijana, na alikuwa akisema ni lugha ya kuitia majina tu wakati wa kuhesabu wafanyakazi.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua! Imeanza saa nane mchana na mawe juu yake. Kidato cha Tatu chote kilikimbilia dirishani, na mimi mbele yao.

Nyumbani kila mtu alikuwa anautazama mlango wa Baba.

Jumamosi, 15 Machi

Hakutoka na jembe. Aliniita.

Alikuwa kwenye kiti chake, vitabu vyangu viwili magotini. Akakohoa mara tatu, akagonga fimbo kwenye mguu wa kiti.

"Umesikia?"

"Nini, Baba?"

"Hicho kikohozi. Ni changu, ama ni cha Babu Mkuu?"

Hapa lazima nieleze, kwa ajili ya yeyote atakayeliokota daftari hili nikisha kufa (mimi nitakufa, sina shaka). Katika mji wangu wa kubuni wazee wamepata dawa, hawafi. Sisi mtoto hupewa jina la mtu aliyetangulia. Sasa kama hakuna anayetangulia, majina hayapatikani. Kwa hiyo watoto wa mji ule hawana majina, wana nambari. Msichana shujaa wangu anaitwa Tisa. Anayeshika ufunguo wa ghala la mbegu ni Babu Mkuu, wa miaka mia tatu, na hakuna anayepanda mpaka apande yeye. Kabla ya kusema neno hukohoa mara tatu na kugonga fimbo. Ana jogoo mweupe asiyekufa.

Naliandika hili sasa, na hata mimi nashangaa nilidhani nani atadanganyika.

"Ni hadithi tu, Baba."

"Kikohozi hicho nilikipata chini ya ardhi, kwa vumbi la shaba. Ndicho kilichonipa ng'ombe wa kumwoa mama yako. Wewe umekiiba, ukampa shetani."

"Baba, kila mzee hukohoa."

"Mara tatu?"

Walimu tuna ugonjwa wa kujibu kila kitu, lakini hapo nilipona.

"Na huyo mtoto Tisa, anataka nife?"

"Anataka kupanda, Baba."

"Apande. Nani amemzuia?" Akanirudishia vitabu, kimoja kimoja. "Basi pandeni bila Babu Mkuu. Tuone."

Jumapili, 16 Machi

Ameondoka. Tumerudi kanisani tumekuta kiti kitupu. Mama Phelesia anasema amekwenda kisiwani Mfangano, kwa watu wa mama yake. Kabeba fimbo, blanketi na jogoo.

"Umemwacha aende, Mama?" nilimuuliza.

"Wewe umeandika vitabu viwili vya kumfukuza, mimi nimzuie kwa kanga?"

Alhamisi, 20 Machi

Mvua nzuri. Majirani wote wanapanda. Sisi tunaisikiliza tu.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua. Mahindi ya jirani yametoboa ardhi, vijani viwili viwili, kama mtu anayekuonyesha vidole. Pamela alisimama uani na beseni la mbegu, akalirudisha ndani. Wanawake wengine hugomba. Wangu hunyamaza, nami hutamani angegomba.

Bravin alikuja jioni, hakukaa.

"Kitabu cha mwisho kinasemaje kuhusu njaa, Mwalimu?"

"Nimeshampigia simu Baba mara sita. Hapokei."

"Hapokei ama unapiga ukiomba asipokee? Mimi nimeoa miaka mitano. Nikitaka kupanda, nangoja mzee, halafu nangoja wewe. Nikitaka kuhama, nangoja wewe. Nikikufa nafikiri nitaambiwa ningoje wewe."

Nilimwambia amwogope Mungu. Lakini nilipoingia ndani nilikaa juu ya kitanda, na nilifikiria jambo ambalo Tisa analifikiria katika sura ya kwanza ya kitabu cha tatu: kwamba kifo cha mtu mmoja kingemaliza tatizo la watu wengi. Nililifikiria kwa utulivu kabisa, kama mtu anayehesabu madaftari. Nimeliandika hapa ili nisijidanganye kwamba ni Tisa peke yake.

Jumamosi, 5 Aprili

Shule imefungwa jana. Leo nimelala Homa Bay kwa rafiki tuliyesoma naye chuo, naye ameniambia nimenenepa. Kesho Mbita, kisha boti.

Jumapili, 6 Aprili – Mfangano

Nataka kuyaandika maneno kama yalivyosemwa, kabla sijaanza kuyatengeneza. Kuyatengeneza ndiyo kazi yangu na ndiyo iliyonifikisha hapa.

Nilitapika ndani ya boti. Mama mmoja mwenye ndoo za omena, wale dagaa wa ziwani, alinishikia begi, akawaambia wenzake, "Huyu ni mwalimu," kana kwamba hiyo inaeleza.

Nilimkuta Baba nyuma ya nyumba ya binamu yake, kwenye jiwe, jogoo amefungwa kamba mguuni karibu naye. Amekonda. Alinitambua kwa mlio wa miguu.

"Mwandishi amefika. Keti. Jogoo, msalimie."

Nikakaa chini. Nilikuwa nimeandaa hotuba tangu Homa Bay, ina utangulizi na hoja tatu. Ilipotea yote. Nikasema, "Baba, mvua inakwenda. Njoo utupandie."

"Kwenye kitabu nimeshika ufunguo miaka mia tatu. Nyumbani nimeshika nini?"

"Mbegu, Baba. Hatuwezi kukutangulia."

"Mtu mwenye boma lake hupanda lini?"

"Siku yake."

"Wewe una boma?"

"Sina."

"Una miaka mingapi?"

"Unaijua, Baba."

"Naijua. Nataka kuisikia kwa Kiswahili."

Nikaisema. Akaigonga kwa fimbo kwenye jiwe, mara moja.

"Na Bravin anaweza kuhama kabla yako?"

"Hawezi. Mimi ndiye mkubwa."

"Basi Babu Mkuu ni nani?"

Kulikuwa na watoto wakicheza kando, na mtu akitengeneza redio. Vyote niliviona vizuri sana, kwa sababu sikutaka kumtazama yeye.

Nilimuuliza mbona hakuniambia nihame. Akanishangaa, kweli alinishangaa, akageuza uso wake wote kwangu na yale macho ya maziwa.

"Baba humwambia mwanawe toka? Hiyo ni kufukuza. Mtoto ndiye huja akasema, Baba, twende ukanionyeshe mahali pa kujenga. Baba hutangulia naye asubuhi, mtoto ameshika shoka, mke ameshika moto, na jogoo. Jogoo mweupe. Ndiye huwika usiku wa kwanza kwenye boma jipya." Akampapasa yule ndege mgongoni. "Nilianza kufuga ulipooa. Huyu ni wa saba."

Jogoo saba. Miaka ishirini na sita. Mimi nilikuwa nangoja anipe ruhusa na yeye alikuwa anangoja niombe, na katikati yetu majogoo sita wamekufa kwa uzee, nami nikawa nawaandika kama kichekesho.

Nilisema nitahama. Nilisema tukishavuna tu, mwezi wa nane, tutakwenda kwenye kile kilima cha upande wa mto, yeye mbele. Nilisema kwa moyo wote. Huwa nasema kwa moyo wote.

Akakohoa mara tatu. Hakugonga fimbo.

"Sasa niambie. Hicho kitabu cha mwisho, umenimalizaje?"

Hapa sasa. Katika kitabu nilichompa Damaris, watoto wanamtoa Babu Mkuu nje ya ukuta, ambako saa bado zinatembea. Miaka yake mia tatu inamwangukia alasiri moja. Anaomba maji. Watoto wanamtazama, mia moja na arobaini, hakuna anayempa. Ni kurasa kumi na moja na ndizo bora kuliko zote nilizowahi kuandika.

Nikamwambia, "Babu Mkuu mwenyewe anafungua ghala, Baba. Anampa Tisa mbegu kwa mkono wake, na anampa na jina. Halafu anatoka nje ya ukuta kwa miguu yake, amebeba kiti chake, hataki kusaidiwa."

Aligeuza fimbo mkononi.

"Kiti kile kile?"

"Kile kile."

"Hiyo ni nzuri," alisema. "Hiyo ni nzuri, nyathina." Mwanangu. Sikumbuki mara ya mwisho aliponiita hivyo. "Kesho tutakwenda nyumbani."

Alhamisi, 10 Aprili

Baba amepanda. Tulimfuata alfajiri, mimi, Pamela, Bravin, mkewe. Alichimba mistari minne badala ya miwili, akichechemea, na alipomaliza alinipa jembe bila kutazama nyuma, kama mtu anayejua nani yuko hapo. Ardhi imeanza kukauka juu.

Bravin alinipita na gunia begani. "Asante kwa kumleta," alisema. Nikamwambia kuhusu kilima. Alisimama, akatua gunia. "Usinicheze, Mwalimu." Nikaapa. Kufikia adhuhuri alikuwa ameshakwenda huko na kamba ya katani na vigingi, kunipimia mlango utakapokaa.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimempigia Damaris. Nimesema nataka kubadilisha mwisho.

"Mwisho ule? Mwalimu, mimi nimelia! Mwanangu amekataa kula!"

"Hiyo si ndiyo sababu ya kuubadilisha?"

"Una mpaka tarehe thelathini. Lakini usiniletee kitu cha kuniliwaza."

Jumatatu, 14 Aprili

Nimeandika kurasa nne. Babu Mkuu anafungua ghala. Zinanuka mahubiri.

Jumatano, 23 Aprili

Nimeandika upya mara tano. Nimejaribu kumfanya anyamaze, nimejaribu kumfanya alie. Kule kisiwani niliisema kwa sentensi tatu na ilikuwa kweli. Nikiiandika, Tisa anasimama kupokea mbegu kama mtoto wa shule siku ya zawadi. Kile kisa cha maji ninakisoma tena na bado nywele zinanisimama.

Jumatano, 30 Aprili

Shule imefunguliwa juzi, nina madaftari mia moja na sitini ya kusahihisha. Damaris amepiga simu mara mbili. Sikupokea. Mwisho umebaki kama ulivyokuwa.

Sikuamua. Nataka lieleweke hilo. Sikufanya chochote tu. Kutofanya chochote ndicho kipaji nilichojaliwa.

Jumamosi, 17 Mei

Mvua imepungua. Mahindi yetu magotini, ya majirani kifuani.

Alhamisi, 29 Mei

Mvua imekwisha. Viwavi jeshi wameingia. Pamela anawatoa mmoja mmoja kwa kijiti, anawatia kwenye kopo la majivu. Nilimsaidia saa moja. Aliniambia kwa upole niende nikaandike.

Alhamisi, 12 Juni

Mvua hakuna.

Jumamosi, 5 Julai

Baba ameniomba nimpeleke kilimani. Tulitumia saa nzima kwa mwendo wa dakika kumi. Alishika vigingi vya Bravin kimoja kimoja, akasogeza kimoja hatua mbili kulia. "Mlango usitazame mto," alisema. "Utapata wageni wengi mno." Tulikaa pale. Alinisimulia namna alivyohama kwa babake, na ule usiku wa kwanza, jinsi alivyokaa macho akingoja jogoo awike, akiogopa kwamba hatawika. Ni mara ya kwanza nimemsikia akisema aliogopa kitu.

Zamani ningekimbia nyumbani kukiandika hicho. Leo nimekaa mpaka alipotaka kuondoka. Lakini ndiyo, nimekiandika.

Jumamosi, 26 Julai

Tumevuna. Mabunzi yana punje huku na huku, kama kinywa cha mzee. Baba alilipapasa bunzi moja, akasema, "Mimi na hili tumelingana," Mama Phelesia akacheka mpaka akakaa chini. Magunia manne mahali pa kumi na tano. Hakuna aliyesema ni kwa ajili ya nani. Hiyo ndiyo adabu ya boma hili, inaniua.

Ijumaa, 8 Agosti

Vitabu vimefika Migori. Jalada lina ukuta, na mbele ya ukuta kiti kitupu. Kizuri sana. Nilivificha vyote chini ya kitanda, kisha nikampa Trizah nakala moja, kwa sababu tayari alikuwa na moja ya rafiki yake.

"Daddy, babu anataka nianze kesho."

Nilimweleza. Si yote, lakini ya kutosha. Nilimwomba, afikapo sura ya mwisho, aache kusoma na asimulie ule mwisho mwingine: ghala, jina, kiti.

Ana miaka kumi na saba. Alinitazama namna ninavyowatazama watoto wanaonakili mtihani.

"Yaani nimdanganye."

"Umsimulie."

"Wewe ndiye ulitufundisha tofauti ya hayo mawili."

Alikubali hata hivyo. Ananipenda, maskini.

Alhamisi, 14 Agosti

Bravin amekata miti ya nguzo. Tumepanga kwenda kilimani Jumatatu.

Jumamosi, 16 Agosti

Wamefika sura ya mwisho saa tisa alasiri. Nilijifanya natengeneza mlango wa banda la kuku, hatua nne kutoka kiti cha Baba.

Trizah alianza vizuri. Sauti yake ilikuwa tulivu. Babu Mkuu akaenda ghalani, akatoa ufunguo shingoni. Tisa akanyoosha mikono. Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa, mkono mmoja juu ya fimbo, anatabasamu. Nikafikiri: tumepita.

"Simama hapo," Baba alisema.

"Kwara? Babu?"

"Miezi yote hii nasikia karatasi ikigeuka. Unasoma kidogo, shh, unasoma kidogo, shh. Leo umesoma kirefu na karatasi haijalia." Akagusa kitabu. "Soma kilichoandikwa, mama."

Trizah akanitazama. Ningeweza kusema kitu. Nilikuwa na nyundo mkononi, na nilitazama nyundo.

Akasoma. Kurasa kumi na moja, na nilisikia kila moja ikigeuka. Alipofika pale pa maji sauti yake ilikatika, Baba akamgusa goti, "Endelea, si wewe." Alisoma mpaka mwisho, mpaka watoto wanapogawana majina kama nguo za marehemu.

Baba aliishika fimbo kwa mikono miwili. Kisha akasema, si kwangu, kwa Trizah:

"Ameandika vizuri. Ile ya kisiwani ilikuwa ya mtoto wangu. Hii ni ya mwandishi."

Akaomba maji. Trizah akamletea. Mimi nilikuwa nimesimama karibu zaidi na mtungi.

Jumapili, 17 Agosti

Niliamka jua limetoka. Nilidhani nimechoka tu. Tulikwenda kanisani, tukarudi. Bravin alikuwa amepakia nguzo kwenye mkokoteni tayari kwa kesho, anapiga mluzi.

Mama Phelesia alivuka uani na bakuli limefunikwa kwa sahani, na ugali kwenye kikapu.

"Baba yako amesema ule. Wewe peke yako, si watoto."

"Ni nini, Mama?"

"Asubuhi hukusikia kimya?"

Bravin aliacha mluzi. Alilitazama bakuli, akanitazama mimi, kisha akaenda kwenye mkokoteni na kuanza kushusha nguzo moja moja, akizipanga polepole kando ya ua, bila kuzitupa. Ningependa angezitupa.

Nilimuuliza Mama Phelesia kama Baba amesema neno lingine lolote. Alifikiri.

"Amesema amechoka kumlisha."

Chakula cha baba hakikataliwi. Nilikaa mlangoni mwa kibanda changu cha ujana, kule juu kiti cha Baba kikinitazama, nikafunua. Alikuwa mgumu, nyama ya jogoo aliyeishi zaidi ya zamu yake. Nilimtafuna mpaka mchuzi ukaganda. Nilikula paja, nikala shingo. Firigisi ilikuwa imewekwa juu kabisa. Kwetu firigisi hailiwi na mtu mwingine ila mwenye boma.

Nimeila.